Makubadhi ya Fedha

Mimi nikaaye hapa Mai Mahiu, chini ya mteremko wa Bonde la Ufa, karibu na kikanisa walichokijenga mateka wa Kitaliani mwaka 1942 walipokuwa wakichonga barabara ya mteremko huu, nimezoea kuona wasafiri wakipita mbio, kila mtu na haja yake. Ndiyo maana nikastaajabia habari za Wahindu wa Maharashtra, nchini India, ambao kila mwaka, mvua zao kubwa zianzapo, hutoka Alandi kwa miguu hata Pandharpur, mwendo wa majuma kama 3, wakiimba na kupiga matoazi, wanawake wamejitwika miche ya mrehani, wakiyasindikiza makubadhi ya fedha ya walii wao Dnyaneshwar. Makubadhi, si taji! Nami niliwahi kuupanda mteremko huu kwa miguu na marehemu babu, tukingojana kila kona, na siku ile naikumbuka kuliko safari zangu zote za matatu.