Nobel 2015: Tuzo ya Stockholm, dawa ya Koboko

Msomaji wa Stockholm anahitaji kuelezwa usubi ni ugonjwa gani. Mkaazi wa Koboko, au wa vijiji vilivyo nje ya mji wa Arua, hana haja hiyo. Ndiyo maana tangazo lililotolewa na Taasisi ya Karolinska Jumatatu tarehe 5 Oktoba, la washindi wa Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2015, linaihusu West Nile kuliko tuzo hizi zinavyoihusu kwa kawaida.

Nusu ya tuzo imekwenda kwa William Campbell, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi yake Marekani, na Satoshi Ōmura wa Japani. Hao ndio waliogundua avermectin, iliyozaa ivermectin, dawa inayojulikana vijijini kwa jina la Mectizan. Nusu ya pili amepewa Bi. Tu Youyou wa China kwa kugundua artemisinin, ambayo ndiyo kiini cha dawa mseto za malaria kama vile Coartem. Thamani ya tuzo nzima ilikuwa kronor milioni 8 za Uswidi, na ilikabidhiwa tarehe 10 Desemba.

Dawa zote mbili zilitokana na vitu vinavyokanyagwa kila siku. Ōmura alichota udongo karibu na uwanja wa gofu nchini mwake, akatenga humo bakteria wa aina mpya. Campbell, akiwa katika maabara ya kampuni ya Merck, akaona kwamba kinachotolewa na bakteria hao kinaua minyoo ya wanyama. Dawa ikaanza kuuzwa kwa ajili ya mifugo mwaka 1981. Bi. Tu aliingia mwishoni mwa miaka ya 1960 katika mradi wa siri wa serikali ya China, ulioanzishwa mwaka 1967 kwa sababu malaria ilikuwa ikiwamaliza wanajeshi katika vita vya Vietnam. Akapekua vitabu vya kale vya tiba, na katika kimoja cha karne ya 4 akakuta maelekezo ya kuloweka mmea wa jamii ya pakanga na kuukamua. Maelekezo hayakutaja moto. Naye akatambua kwamba kuchemsha ndiko kulikokuwa kukiharibu nguvu ya dawa, jambo ambalo mganga yeyote wa mitishamba angelielewa upesi.

Jina la West Nile si geni katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1937 damu ya mwanamke mmoja wa wilaya hiyo ilikutwa na virusi ambavyo havikuwa vikijulikana, na hadi leo virusi hivyo, vilivyofika New York mwaka 1999, vinaitwa kwa jina la eneo hilo. Daktari Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, aliweka kwa miaka mingi kumbukumbu makini za watoto wenye uvimbe wa taya, saratani ambayo Denis Burkitt alikuwa ameieleza akiwa Kampala. Kisha kati ya 1972 na 1974 watafiti wa kimataifa wakachukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, ili kupima kama virusi vya Epstein-Barr vinahusika na saratani hiyo. Utafiti huo ulikuja kuheshimiwa sana. Lakini mwelekeo ulikuwa mmoja: damu ilitoka, na majina ya wagunduzi yakabaki kule ilikopelekwa. Safari hii kilichotuzwa ni kitu kilichokuja vijijini na kikaliwa na wanavijiji wenyewe.

Ugonjwa wa usubi, au upofu wa mtoni, huenezwa na inzi mdogo mweusi anayezaliana penye maji yaendayo kasi. Anapouma huacha mwilini minyoo, nayo huzaa vijiminyoo visivyohesabika vinavyotembea chini ya ngozi. Mgonjwa hujikuna usiku kucha. Ngozi hukunjamana kama ya mzee, miguu hutoka mabaka meupe, na vijiminyoo vikifika machoni kwa miaka mingi huleta upofu. Mwaka 2015 Arua na Koboko zilikuwa katika orodha ya wilaya za Uganda zilizoathirika, pamoja na jirani zao Maracha, Yumbe, Moyo, Nebbi na Zombo.

Ivermectin huua vijiminyoo, lakini haiwaui minyoo wazazi, ambao huweza kuishi miaka 10 hadi 15. Hapo ndipo mzigo ulipo. Dozi moja humpa mtu nafuu, ila kuung'oa ugonjwa katika kijiji kunahitaji karibu kila mtu anywe dawa mwaka baada ya mwaka, mpaka wazazi hao wafe kwa uzee. Mwaka 2007 Uganda iliamua kutokomeza ugonjwa badala ya kuupunguza tu, kwa kugawa dawa mara mbili kwa mwaka katika maeneo yaliyolengwa na kuwashambulia inzi mitoni, na ilijiwekea mwaka 2020 kuwa kikomo. Katika Itwara, magharibi mwa nchi, na katika Mlima Elgon, maambukizi yamekatizwa.

Nani anayegawa? Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa dawa hiyo bure, kwa kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wowote, na imeitimiza ahadi. Lakini dawa ya bure haitembei yenyewe. Huipeleka nyumba kwa nyumba watu waliochaguliwa na vijiji vyao, wakiwa na daftari la majina na fimbo ya kupimia kimo, kwa kuwa idadi ya vidonge hutegemea urefu wa mtu. Mama mjamzito huandikwa ili arudiwe baadaye, mtoto mdogo mno huachwa, na mzee anayekataa hubembelezwa. Hawana mshahara. Mtafiti wa Uganda Moses Katabarwa ameonyesha kwamba wagawaji wanaohudumia ukoo wao hudumu katika kazi hiyo kuliko wale wanaotumwa kwa watu wasiowajua, kwa kuwa nduguye mtu hadai posho ya kumpelekea shangazi yake dawa. Ugunduzi huo hauhitaji maabara, wala hauna kamati ya kuutuza.

Kanuni za Nobel ya Tiba hazina nafasi kwa watu wa namna hiyo. Tuzo haiwezi kugawanywa kwa zaidi ya watu watatu, haitolewi kwa taasisi, wala hapewi marehemu. Mohammed Aziz, daktari wa Merck mwenye asili ya Bangladesh, ndiye aliyeongoza majaribio ya kwanza ya ivermectin kwa binadamu, mjini Dakar mwaka 1981. Alifariki 1987, na jina lake halimo katika tangazo la Karolinska. Huu si upendeleo wa makusudi. Ni namna tuzo ilivyoundwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakati mgunduzi aliweza kufikiriwa kuwa mtu mmoja katika chumba kimoja.

Tuzo ya amani haifungwi hivyo, na mwaka 2015 ililionyesha hilo. Ijumaa tarehe 9 Oktoba, mjini Oslo, ilipewa kundi la taasisi nne za Tunisia: chama cha wafanyakazi, chama cha waajiri, chama cha haki za binadamu na chama cha mawakili. Mwaka 2013, nchi ilipokuwa ikikaribia kutumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ndizo zilizowakalisha wanasiasa mezani. West Nile inaifahamu kazi ya aina hiyo. Mkataba uliotiwa saini Yumbe tarehe 24 Desemba 2002, kati ya serikali na waasi wa UNRF II, ulitanguliwa na mashauriano marefu ya wazee ambao majina yao hayakupita mpaka wa wilaya.

Kwa fasihi ameshinda Svetlana Alexievich wa Belarus, ambaye vitabu vyake vimejengwa kwa sauti za watu wa kawaida: wanawake waliopigana vita, wajane wa Chernobyl. Mtu akilisoma tangazo hilo akiwa Arua atawakumbuka waliokimbilia Zaire na Sudan baada ya Idi Amin, mtu wa ukoo wa Wakakwa wa Koboko, kupinduliwa mwaka 1979. Eneo zima lilibebeshwa hatia yake. Walioponea Ombaci, ambako raia waliuawa na wanajeshi katika misheni mwezi Juni 1981, wamekuwa wazee sasa. Kazi ya kuketi nao na kuandika wanayoyakumbuka haiwezi kusubiri miaka mingine 30.

Kwa upande wa malaria, furaha ya tuzo ilichanganyika na wasiwasi wa mwaka 2015. Wilaya kumi za kaskazini mwa Uganda zilishuhudia ugonjwa ukilipuka upya baada ya upuliziaji wa dawa majumbani kusitishwa, na Kusini Mashariki mwa Asia vimelea vilikuwa vimeanza kuizoea artemisinin. Kiwanda cha Luzira, Kampala, kinatengeneza dawa mseto, lakini mgonjwa anayefika kituo cha afya na kukuta kabati tupu hafaidiki na umbali huo mfupi.

Usubi nao una shida ambayo fedha za Kampala peke yake haziwezi kuitatua. Koboko inapakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pia, na mfanyabiashara huweza kunywa chai katika nchi tatu siku moja. Inzi hana haja ya kibali cha Oraba wala cha Vurra. Vita vya Sudan Kusini vilivyoanza Desemba 2013 vilivuruga huduma za afya huko, na mkataba uliotiwa saini Agosti 2015 haukuleta utulivu. Wakongo waliopokelewa Lobule wametoka katika vijiji ambavyo huenda dawa haikufika kwa mfululizo unaotakiwa. Koboko inaweza kunywa dawa bila kukosa hata msimu mmoja, na bado ikaletewa ugonjwa kutoka ng'ambo ya kijito.

Kwa miaka 20 chombo kilichoziunganisha serikali za Afrika katika kazi hiyo kilikuwa APOC, mpango wa kanda uliokuwa na makao yake Ouagadougou, ambao ndio ulioeneza utaratibu wa vijiji kujichagulia wagawaji wao. Muda wake ulikwisha, na ulifungwa rasmi mwezi Desemba 2015, mwezi ule ule ambao Campbell na Ōmura walisimama mbele ya mfalme wa Uswidi kupokea medali zao. Wakati huo wizara za afya za Kampala, Kinshasa na Juba zilikuwa hazijapata bado meza nyingine ya kudumu ya kukutania juu ya mito inayopita kati yao.