Kadi Iliyokula Kodi

Ukiwaambia watu unaishi Tanga, wanadhani nyumbani kwako ni mahaba toka asubuhi mpaka usiku. Raha ipo, sikatai. Lakini mwezi uliopita, kwangu Chumbageni, kulikuwa na siku mbili ambazo chai ililetwa mezani bila neno hata moja. Chanzo hakikuwa nyumba ndogo. Kilikuwa kadi ya kompyuta.

Mimi mchana ni mtu wa ofisini, wikiendi napiga video za harusi. Huku pwani Ramadhani ikiisha tu, Mfungo Mosi unaingia na harusi zake, na kila bibi harusi anataka video yake kabla fungate halijaisha. Kompyuta yangu ni ya mezani, zile nyembamba zilizotumika maofisini Ulaya zikaja huku kama mtumba. Kwa kuandika barua haina tatizo. Kwa kuhariri video ni kilio, hasa ukitumia programu kama DaVinci Resolve, inayotegemea sana kadi ya grafiki, yaani kile kifaa kinachoshughulikia picha zinazotokea kwenye skrini. Harusi moja ilikuwa inakesha.

Nikaona dawa ni kuongeza kadi. Nikachota laki tatu kwenye fungu la kodi ya nyumba, ile ya miezi sita, nikamtumia muuzaji mmoja Kariakoo. Kesho yake mzigo ukashuka stendi: GTX 1060 iliyotumika, feni mbili, inang'aa! Mke wangu alipouliza bei, nikamwambia laki moja.

Basi bwana, nafungua kasha, kadi imesimama juu kuliko kasha lenyewe. Mfuniko haufungi. Halafu kadi ile inakula mpaka wati 120, wakati tundu la PCI Express kwenye bodi linatoa wati 75 tu. Zinazobaki lazima zije kwa waya wa pini sita kutoka kwenye pawa saplai. Yangu ni ya wati 240 kwa mashine nzima, na waya huo haina. Nikakaa chini, jasho linanitoka.

Usiku uleule mke wangu akachukua simu yangu kutafuta ujumbe wa namba za luku. Akakutana na ule wa laki tatu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mume wangu, kumbe laki moja imezaa?" Akaenda kulala.

Siku ya tatu alinijia na futi yake ya kupimia mapazia. "Mimi sinunui pazia kabla sijapima dirisha. Wewe ulipima nini?"

Jamani, sikuwa nimepima kitu. Wala mfuko wetu sikuupima. Nikamwomba radhi, na sikuomba kwa ajili ya kadi. Niliomba kwa ajili ya ule uongo, kwa sababu kodi inarudishika, lakini mtu akishaanza kuhesabu maneno yako kama anavyohesabu chenji, nyumba inakuwa ngumu.

Tukakaa mkekani pamoja. Yeye akasoma kibandiko cha pawa saplai, mimi nikaandika. Akapima urefu na kimo cha nafasi iliyopo. Kadi ya kwanza tukaiuza kwa hasara ya elfu hamsini. Tukaongezea malipo ya awali ya harusi moja, tukanunua GTX 1650 ya kimo kifupi, gigabaiti 4. Kadi hizi zilitoka mwaka 2019, na zipo zinazotosheka na zile wati 75 za tundu bila waya wa ziada. Lakini angalia picha vizuri kabla hujalipa, maana nyingine zina sehemu ya kuchomeka waya. Uliza pia kama inakuja na kile kibati kifupi cha nyuma, la sivyo haitakaa kwenye kasha jembamba.

Tukazima mashine, tukachomoa waya wa umeme, tukabonyeza swichi ya kuwashia kumaliza umeme uliobaki ndani. Nikagusa chuma cha kasha kuondoa umeme wa mwilini, nikaisukuma kadi mpaka ikalia "kach". Tukawasha. Skrini nyeusi! Moyo ukanidunda. Mke wangu akachungulia nyuma: "Mbona waya wa skrini umeuchomeka palepale pa zamani?" Nikauhamishia kwenye kadi mpya. Picha ikatokea, tukacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Sasa harusi moja inakwisha kabla hatujalala. Harusi mbili zimerudisha fungu la kodi, na tumekubaliana: kitu chochote cha zaidi ya elfu hamsini kinajadiliwa kwanza, awe mimi au yeye.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kuipa nguvu kompyuta ya mtumba, kwanza pima kasha. Pili, soma wati za pawa saplai na uangalie waya zilizopo. Tatu, mwambie mwenzako bei halisi. Hii ya tatu ndiyo ya kuanza nayo.

Tukutane mwezi ujao.