Ndoa ya askari ikivunjika, mali ya mpakani inagawanywaje?

Mama anayevusha vitenge na viatu pale Namanga anaweza kutaja ushuru wa mzigo wake na bei ya dola ya siku hiyo bila kuuliza mtu. Lakini mume wake akiwa askari, yuko Kongo au Somalia, na ndoa ikafika ukingoni, anakutana na maswali mapya. Aende wapi, kambini au mahakamani? Kesi ifunguliwe nchi gani? Na mzigo ulio stoo, ulionunuliwa kwa mtaji wake uliochanganyika na posho ya mume, ni wa nani?

Maswali haya yamekuwa ya kawaida kwa sababu majeshi ya ukanda huu yamekaa nje kwa muda mrefu. Uganda iliingia Somalia mwaka 2007 na Burundi ikafuata mwaka huohuo. Kenya iliingia Oktoba 2011. Tanzania imekuwa na askari mashariki mwa Kongo tangu 2013, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilikaa Kongo kuanzia Novemba 2022 hadi Desemba 2023, kisha kikaja cha SADC, ambacho viongozi waliamua kukiondoa Machi 2025. Wengi walioachwa nyumbani hawakukaa wakisubiri mshahara. Wameingia sokoni, na baadhi yao leo mtaji wao unashinda mshahara wa kambini.

Kambi haitoi talaka

Jambo la kwanza ambalo wengi hukosea ni kudhani kwamba ndoa ya askari inavunjwa na jeshi. Majeshi mengi humtaka askari apate kibali cha mkuu wake kabla ya kuoa au kuolewa, na ofisi ya ustawi, padri au shehe wa kikosi anaweza kusuluhisha. Lakini mkuu wa kikosi hana mamlaka ya kutoa talaka, wala mahakama ya kijeshi haigawi nyumba na watoto. Kazi hiyo ni ya mahakama za kiraia, na kwa Waislamu wa Kenya na Zanzibar ni ya mahakama za Kadhi. Barua ya kamanda inayosema "mmeachana" haina nguvu ya hukumu.

Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri lianzie kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha, hutoa cheti, na cheti hicho ndicho hufungua mlango wa mahakama, kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haiwezi kuombewa talaka mpaka mahakama itoe ruhusa maalumu.

Hapa ndipo safari ya askari huleta ugumu. Baraza linaita, mume yuko Beni. Sheria iliona mbali kwa kiasi: mlalamikaji hahitaji kupitia Baraza ikiwa ametelekezwa na hajui mwenzake aliko, ikiwa mwenzake anaishi nje ya nchi na si rahisi arudi ndani ya miezi sita, au ikiwa aliitwa akakataa kwa makusudi kufika. Kwa hiyo, mke wa askari aliyetumwa nje kwa mwaka mzima si lazima asubiri kikosi kirudi. Anachohitaji ni ushahidi wa mume aliko na muda atakaokaa huko. Askari naye analindwa: anatakiwa apewe taarifa na nafasi ya kujibu, na hukumu iliyotolewa bila yeye kufikiwa na wito inaweza kupingwa na kutenguliwa. Wito unaopita ofisini kwa mkuu wa kikosi, kwa namba ya jeshi na jina la kikosi, ni salama zaidi kuliko ujumbe wa simu ambao hausomwi.

Umbali si utelekezaji

Kutelekezwa kwa miaka mitatu au zaidi ni moja ya mambo yanayothibitisha ndoa kuvunjika Tanzania. Ni pia sababu ya talaka kwa ndoa ya Kikristo nchini Kenya chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Lakini kutelekeza ni kuondoka kwa nia ya kutorudi kwenye ndoa. Askari aliyepelekwa nje kwa amri hajamtelekeza mtu kwa sababu tu hayupo. Akimaliza zamu, akapewa likizo, asije nyumbani, asitume matumizi na asipokee simu, hapo picha inabadilika, na siku za kuhesabiwa zinaanza.

Upande wa pili nao una kisu hichohicho. Mfanyabiashara anayelala Kampala wiki mbili na Nairobi wiki moja anaweza kusikia mume wake, au mke wake askari, akidai mahakamani kwamba yeye ndiye aliyehama nyumba. Jibu ni lilelile: safari ya riziki inayojulikana na wote wawili haivunji ndoa. Kinachopimwa ni nia, matunzo na mawasiliano.

Nani alichangia nini

Mgawanyo wa mali ndio moyo wa kesi nyingi, na katika nchi tatu kubwa za biashara hii neno linalotawala ni moja: mchango.

Tanzania, mahakama hugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Huangalia mchango wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili na mahitaji ya watoto, na sheria inaielekeza iegemee usawa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango.

Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataja wazi kwamba kulea watoto, kazi za nyumbani, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba ni mchango. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiandikwa jina la mmoja, huchukuliwa kwamba anaishika kwa niaba ya mwenzake pia, hadi ithibitishwe vinginevyo. Hata hivyo, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba usawa wa Katiba hauna maana ya kukata kila kitu nusu kwa nusu. Kila mmoja athibitishe alichotoa. Uganda, Mahakama ya Juu ilifuata njia inayofanana mwaka 2013 katika shauri la Rwabinumi dhidi ya Bahimbisomwe: kuolewa peke yake hakugeuzi kila mali ya mtu kuwa ya wawili.

Maana yake sokoni ni hii. Posho ya misheni ikinunua Fuso lililosajiliwa kwa jina la askari, na mke akalisimamia, akalitafutia mizigo, akalipa dereva na matengenezo, kazi hiyo ni mchango. Vilevile, duka la mke likianzishwa kwa fedha zilizotumwa kutoka Mogadishu, askari hawezi kuambiwa hana chake kwa sababu tu leseni ina jina la mke. Na deni la vikoba lililonunua mzigo wa familia linatakiwa liingie kwenye hesabu, lisibaki shingoni kwa mmoja.

Shida ni ushahidi. Askari ana rekodi zinazojitengeneza: mshahara unapita benki, posho ina orodha. Biashara ya mpakani hupita mkononi. Wanaovusha bidhaa zisizozidi dola 2,000 kwa cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa, kile cha Jumuiya, huona karatasi hiyo ni ya forodha tu na kuitupa wakishavuka. Kumbe ina jina, tarehe na thamani ya mzigo. Rundo la vyeti hivyo, pamoja na taarifa za fedha za simu na daftari la mauzo, linaweza kuonyesha miaka kumi ya kazi ambayo vinginevyo ingebaki maneno matupu.

Pensheni na nyumba ya kambi

Nyumba ya kambi haigawanywi kwa kuwa ni ya serikali, na aliyeachika huiondoka. Kwa mke aliyeishi humo miaka 15 bila kiwanja, hilo huwa pigo la kwanza. Nyumba ya familia iliyo nje ya kambi ni habari nyingine: Tanzania na Kenya zote zinakataza mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake.

Pensheni ni kiza zaidi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania na ile ya mali ya ndoa ya Kenya hazina kanuni ya kugawa pensheni ya askari kwa miaka ya ndoa. Mara nyingi hoja huanza baada ya kiinua mgongo kulipwa na kugeuka kiwanja au basi, na hapo muda wa kununua na mchango ndivyo hujadiliwa.

Marekani, ambako wapo wahamiaji kutoka Afrika Mashariki waliovaa sare, ilipita kwenye mjadala huu mapema. Mwaka 1981 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilizuia mahakama za majimbo kugawa pensheni ya jeshi. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga sheria ya kuziruhusu. Si haki ya moja kwa moja, bali jimbo huamua. Lakini ndoa iliyodumu angalau miaka 10 sambamba na miaka 10 ya utumishi humwezesha mtalaka kulipwa fungu lake moja kwa moja na ofisi ya fedha ya jeshi, bila kumwomba aliyemwacha. Sheria nyingine humpa askari aliye kazini nafasi ya kuomba shauri lisimame kwa angalau siku 90 ikiwa majukumu yanamzuia kufika. Mambo yote mawili, ulinzi wa askari aliye mbali na ulinzi wa aliyemsubiri, yamewekwa kwenye maandishi. Mabunge ya ukanda huu yana cha kujifunza hapo.

Mahakama ya nchi gani

Ndoa iliyofungwa Arusha kati ya askari Mtanzania na mfanyabiashara Mkenya inaweza kuwa na milango miwili. Tanzania husikiliza talaka ya mtu mwenye makao ya kudumu nchini au aliyeishi humo angalau mwaka mmoja kabla ya kufungua shauri. Uganda hutaka mwombaji awe na makao ya kudumu Uganda. Kupelekwa misheni hakubadilishi makao ya askari, kwani nchi yake inabaki ileile.

Mkataba wa Jumuiya unazungumzia kuoanisha sheria, na Soko la Pamoja lilianza Julai 2010, lakini talaka haivuki mpaka kama gunia la mahindi. Hukumu ya nchi moja huenda ikahitaji kutambuliwa upya kule ambako duka au gari lipo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mahakama, mfanyabiashara afikirie mali iko wapi na mshahara wa mwenzake unalipwa na nani. Hata askari akiwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, anayemlipa ni serikali yake.

Matunzo ya watoto hayasubiri mgawanyo wa mali. Yanaweza kuombwa mapema, na amri ya mahakama ina uzito ambao malalamiko ya mdomo kambini hayana.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara huusema msemo huo wakihesabu mauzo, na mahakimu wa talaka nao huanzia kwenye daftari hilohilo.