Hisabati ianze mikononi mwa mtoto

Watoto wengi huanza kuichukia Hisabati wakiwa bado madarasa ya chini. Wanakutana nayo kama tarakimu ubaoni, jedwali la kukariri na fimbo kwa anayekosea. Hali hiyo inaweza kubadilishwa, tena kwa gharama ndogo.

Chukua hesabu ya 27 jumlisha 15. Mwanafunzi huambiwa "beba moja" bila kujua anabeba nini. Mpe njiti 27 na nyingine 15, azifunge kumikumi kila fungu peke yake. Atakuwa na vifungu vitatu, na pembeni njiti saba na tano. Hizo ni 12: zinatosha kifungu kipya na kubakiza mbili. Jibu ni 42, na moja aliyoibeba ni kifungu cha kumi alichokifunga mwenyewe.

Vizibo vya soda vikipangwa safu nne za sita, kuzidisha kunaonekana. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64, humzoesha mtoto kuhesabu na kupiga hesabu za mbele. Nyumbani, chapati ikigawanywa sawasawa kwa watoto wanne ni somo la sehemu; anayetumwa dukani aambiwe akokotoe chenji kabla ya kuondoka.

Tunawaomba walimu wakuu waruhusu kelele za kujifunza, na vyuo vya ualimu vifundishe kutengeneza zana hizi. Darasa likifurika, wanafunzi wakae kwa vikundi. Wazazi nao watenge muda. Kuhesabu ni nguzo mojawapo ya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kusijengwe juu ya hofu.