Sauti haisikiki: ni kompyuta au sikio la mtoto?

"Mjomba, mie huku sisikii."

Binti wa miaka tisa wa Mkongo, wilayani Rufiji, alirudia maneno hayo jioni tatu mfululizo. Mjomba wake alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta ya mtumba inayotumia Linux. Akaiunganisha na televisheni ya sebuleni na skrini ya chumba cha pili, watoto wasome kwa video. Laptopu kuukuu iliyokuwa barazani nayo ilipokea sauti kwa waifai.

Jioni ya kwanza binti alikuwa na haki ya kulalamika. Kwenye Linux, skrini iliyochomekwa kwa waya wa HDMI huhesabiwa kuwa njia ya sauti pia, na kompyuta inaweza kuichagua hata kama haina spika. Picha inacheza, sauti hakuna. Mjomba akafungua programu ya pavucontrol (jina gumu, kazi nzuri), inayoonyesha kila video inapeleka sauti wapi. Moja akaiacha televisheni, nyingine akaihamishia kwenye tundu la hedifoni.

Jioni ya pili ilikuwa zamu ya laptopu kukwaruza na kukatika, sauti ikija nyuma ya picha. Waifai ilikuwa imeelemewa na simu za watu wazima. Akavuta waya wa mtandao hadi barazani, tatizo likaisha.

Jioni ya tatu vifaa vyote vilikuwa vizima. Binti, aliyekaa skrini ya chumba cha pili, bado hasikii.

"Huyo anakwepa hesabu tu," mama yake akasema.

"Subiri kwanza, dada. Hebu tazama hapa."

Pavucontrol huruhusu sauti kupandishwa kupita asilimia 100, hadi 153. Mstari wa video ya binti ulikuwa umefika mwisho kabisa. Wenzake walisikiliza kwenye nusu.

Mjomba akafanya kile ambacho fundi yeyote angefanya. Akambadilishia hedifoni na mwenzake: hali ile ile. Akamhamisha kiti: hali ile ile. Mwisho akamgeuzia hedifoni, ya kushoto ikaenda kulia. Kama kifaa kingekuwa kibovu, upande usiosikika ungehama. Haukuhama. Sikio la kushoto ndilo lilikuwa halisikii.

Hapo mama alinyamaza. Akakumbuka mara ngapi amemwita binti huyo akiwa amempa mgongo, na mara ngapi amemgombeza kwa kiburi.

Kwenye kituo cha afya mhudumu alimulika sikio, akakuta nta imeziba njia. Aliilainisha kwa dawa ya matone kisha akaitoa. Ilikuwa nafuu yao, kwa sababu chanzo kingeweza kuwa maji nyuma ya ngoma ya sikio, au usaha, vitu vinavyowapata watoto wengi baada ya mafua na vinavyohitaji tiba yake. Ndiyo maana sikio lisilosikia huangaliwa kwanza. Halitiwi mafuta ya moto, njiti ya kiberiti wala kijiti cha pamba, ambacho mara nyingi husukuma nta ndani zaidi. Likitoa usaha, usitie kitu chochote, mpeleke mtoto.

Kuna jambo la pili ambalo wazazi wengi hawalitazami. Sikio la kulia la binti huyo, lililo zima, lilikuwa likipokea sauti yote hiyo iliyopandishwa kwa ajili ya mwenzake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, walitoa kiwango cha usikilizaji salama: kwa watoto, desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Desibeli 78 ni saa 20. 81 ni saa 10. Uharibifu wa namna hii hauumi, na ukishatokea haurudi.

Nyumbani si rahisi kupima desibeli. Mjomba alishusha mstari hadi nusu, akaweka utaratibu wake: mtoto aliyevaa hedifoni akiitwa kwa sauti ya kawaida kutoka hatua moja asipogeuka, sauti inapunguzwa.

Jioni iliyofuata binti alikuwa wa kwanza kulalamika tena. Safari hii alitaka televisheni ya sebuleni ipunguzwe, inampigia kelele.