Reli ya Tanga na Hesabu ya Wananchi

Mwezi Julai 2019 treni ya mizigo iliondoka Tanga kuelekea Kilimanjaro, baada ya njia hiyo kukaa kimya kwa takriban miaka 12. Mwezi Desemba mwaka huo huo treni ya abiria iliwasili Moshi ikitoka Dar es Salaam, na katika mwaka 2020 ikasogea hadi Arusha. Wananchi walijaa stesheni kuilaki. Wengi wa vijana waliokuwapo hawakuwa wamepata kuona behewa la abiria likipita katika reli ile maisha yao yote, maana safari za abiria zilikuwa zimekoma tangu miaka ya 1990.

Hata hivyo, treni hiyo ya abiria haikuingia mjini Tanga. Ilitoka Ruvu ikielekea kaskazini, ikakutana na reli ya Tanga huko Mruazi, ikageukia magharibi, ikaenda zake Korogwe, Mombo, Same na Moshi. Mji ulioizaa reli hii ukabaki pembeni. Si ajabu, basi, mkazi wa Tanga au wa Muheza akiitaja reli kwa manung'uniko. Nakusudia katika makala haya kuyatetea manung'uniko hayo, na kushauri yageuzwe kuwa dai la treni ya kila siku baina ya Tanga, Muheza, Korogwe na Mombo, mwendo wa kilomita 129 tu. Lakini natoa sharti moja: dai hilo liletwe likiwa na hesabu.

Reli hii ina umri mkubwa kuliko reli nyingine yoyote nchini. Ujenzi ulianza mjini Tanga mwaka 1893 chini ya kampuni ya Kijerumani. Kampuni ile ilipoifikisha reli Muheza mwaka 1896, umbali wa kilomita 40, fedha ziliiishia, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi, kilomita 352 kutoka pwani, mwishoni mwa 1911. Waingereza wakaiendeleza hadi Arusha mwaka 1929. Haikujengwa kwa ajili ya Mbondei wala Msambaa. Ilijengwa kuyafikia mashamba ya walowezi, ingawa jasho lililoijenga lilikuwa la Waafrika. Mwaka ule ule wa 1893 Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, na iliyosalimika baada ya safari, 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Mkonge na reli vikakua pamoja kama mapacha. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, na nyuzi za plastiki zilipoiangusha bei, reli nayo ikapoteza shehena yake kubwa.

Mwaka 1963 tawi la kilomita 188 kutoka Ruvu liliiunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hizi zilirithiwa na Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya ubia ambamo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa; wafanyakazi waligoma kudai mishahara, na ilipofika mwaka 2011 Serikali ilikuwa imekwisha kuzirudisha hisa hizo mikononi mwake. Katika mlolongo huu wote wamo mawaziri, makampuni na wahandisi. Mwananchi akaaye kando ya reli simwoni popote, ila kama mtu wa kuarifiwa.

Sasa na tuingie katika fizikia, kwani hapo ndipo penye nguvu ya dai letu na ndipo penye udhaifu wake pia.

Gurudumu la chuma likibingirika juu ya chuma hukutana na ukinzani mdogo sana. Ili kuivuta tani moja katika reli tambarare iliyo katika hali nzuri, kwa mwendo wa wastani, yatosha nguvu ya nyutoni 20 hivi. Tani hiyo hiyo ikiwa katika lori lenye magurudumu ya mpira, juu ya barabara ya lami, huhitaji nyutoni 80 au zaidi, kwa sababu mpira hubonyea na kurudi katika umbo lake kila unapozunguka, na kila mbonyeo hula nishati na kuigeuza kuwa joto. Mwanafunzi aguse gurudumu la basi lililofika sasa hivi kutoka Segera, atalihisi joto hilo kwa mkono wake.

Moshi iko kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kuipandisha tani moja kimo hicho kwahitaji megajouli 7.8, iwe ni kwa reli au kwa barabara; uvutano wa dunia haubagui chombo. Kuushinda ukinzani wa kubingirika kwa kilomita 352 kwahitaji megajouli 7 kwa reli na megajouli 28 kwa barabara, tukichukua umbali kuwa sawa. Jumla ni karibu 15 dhidi ya 36. Kwa hiyo saruji ipandayo kutoka pwani kwa reli hutumia chini ya nusu ya nishati ambayo ingetumia katika lori.

Safari ya kurudi ina ajabu yake. Mteremko wa mita 800 katika kilomita 352 huivuta kila tani kuelekea baharini kwa nguvu ya wastani wa nyutoni 22, na ukinzani wa reli ni nyutoni 20. Yaani kahawa ya Kilimanjaro, kwa wastani, karibu inajishusha yenyewe hadi bandarini! Nasema kwa wastani, maana njia ina mabonde na miinuko yake, na dereva hutumia breki mahali fulani na injini mahali pengine. Mwalimu wa Fizikia atakayewapa wanafunzi hesabu hii na kuwauliza nishati hupotelea wapi dereva anapofunga breki atakuwa amewapa kipindi kizima cha mjadala.

Huo ndio upande wa nguvu. Upande wa udhaifu ni huu. Chukua behewa la abiria lenye uzito wa tani 35. Likiwa na watu 80, kila abiria anavutiwa kilo 440 za chuma, na ukinzani wake ni nyutoni 9 hivi, tukiacha uzito wa mwili wake na wa kichwa cha treni. Likiwa na watu 20, kila mmoja anavutiwa kilo 1,750, na ukinzani wapanda hadi nyutoni 35. Basi la tani 12 lenye watu 60 lina kilo 200 tu kwa kila abiria, yaani nyutoni 16. Basi lililojaa, kwa hiyo, hulishinda behewa lililo nusu tupu bila shida. Reli haina fadhila ya kuzaliwa nayo. Fadhila yake yaja inapojaa na inapokwenda mara kwa mara kwa saa zinazojulikana. Wako wapenzi wa reli wasiopenda kuisikia habari hii. Mimi naona heri tuiseme sisi kabla hatujaambiwa na wenye hazina.

Ndiyo sababu wananchi wa nchi nyingine waliofanikiwa kuzirudisha reli zao hawakutegemea huruma. Huko kaskazini mwa Uingereza, katika miaka ya 1980, ilikusudiwa kufungwa njia ya kutoka Settle hadi Carlisle. Sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa gharama ya kulitengeneza daraja kuu la mawe la Ribblehead lenye matao 24. Chama cha marafiki wa njia ile, kilichoundwa mwaka 1981, kiliwahamasisha watu kuandika pingamizi, na zikapatikana zaidi ya 22,000. Moja ilikuwa na alama ya wayo wa mbwa, ambaye wenyewe walisema ni abiria halali kwa kuwa alilipiwa nauli! Lakini wayo wa mbwa haukutosha. Idadi ya abiria iliongezeka mara kadhaa mbele ya macho ya wale waliodai kwamba hakuna abiria. Kisha tao moja la daraja likatengenezwa kwa majaribio, na ikadhihirika kwamba kazi yote ingegharimu fedha chache kuliko ilivyotangazwa. Mwaka 1989 Serikali yao ikatangaza kwamba njia haitafungwa. Huko Scotland nako, reli ya kusini mwa Edinburgh iliyofungwa mwaka 1969 ilifunguliwa tena kwa sehemu mwaka 2015. Kampeni iliyoanzishwa mwaka 1999 ilikuwa imekusanya zaidi ya sahihi 17,000 na kulifikisha dai hilo bungeni kwao.

Karibu na kwetu, treni ya mjini Dar es Salaam iliyoanza Oktoba 2012, ambayo watu waliibandika jina la treni ya Mwakyembe kwa heshima ya waziri wa wakati ule, ilitumia reli kuukuu kutoka Ubungo Maziwa hadi Stesheni, na ilijaa tangu siku za mwanzo. Njia haikuwa mpya. Kilichokuwa kipya ni ratiba ya asubuhi na jioni iliyolingana na saa za kazi za watu.

Yapo majibu mawili ambayo wenye kudai reli ya Tanga watakutana nayo. La kwanza ni kwamba reli inazunguka: eti mtu wa Tanga aendaye Dar es Salaam kwa treni sharti kwanza aende magharibi hadi Mruazi, kisha kusini hadi Ruvu, ndipo ageukie mashariki. Msemaji wa hoja hii husahau kwamba basi nalo hufanya vivyo hivyo, kwa kwenda Segera, kisha Chalinze. La pili ni zito zaidi. Nchi yetu imekwisha kuanza safari za reli ya geji ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma tangu mwaka 2024, na upo mpango wa reli kama hiyo kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma. Kwa nini basi tushughulike na reli ya mita moja? Jibu langu ni kwamba abiria na mzigo hujifunza njia. Mkulima aliyekwisha kuzoea lori kwa miaka 20 hatahamia kwenye reli mpya kwa sababu tu imezinduliwa. Reli ya zamani ikifanya kazi leo itawatunza wateja wa reli ya kesho, na itatoa takwimu za kuipangia. Bandari ya Tanga, ambako zamani meli zilitia nanga mbali na shehena kuletwa ufukoni kwa matishari, imechimbwa hadi kina cha mita 13 na kupata gati la mita 450. Shehena hiyo yote ikishushwa katika barabara ile moja ipitayo Muheza na Segera, atakayelipa ni mtembea kwa miguu na mwendesha baiskeli.

Tena reli isiyotumika haikai ikingoja. Chanzo cha kufa kwake aghalabu ni maji. Kalvati huziba kwa majani na mchanga, maji hutuama chini ya kokoto, udongo huwa tope, na mataruma huanza kucheza kila uzito upitapo. Mwendo hupunguzwa kwa ajili ya usalama. Treni ikichelewa wateja huondoka. Mapato yakipungua, watengeneza njia hupunguzwa, na kalvati nyingine huziba. Kisha huja mwenye nyundo na gunia, akatafuta vyuma chakavu. Vijiji vilivyo kando ya njia huviona visa hivi vyote miezi mingi kabla ya mkaguzi. Kijiji kikiwa na mtu wa kuandika tarehe ambayo kalvati fulani iliziba, na barua ikafika kwa mhandisi kabla ya masika, kazi kubwa ya kampeni imekwisha kufanyika bila maandamano.

Sitaki kulificha jambo moja lenye uchungu. Miaka ile ya ukimya watu walijenga na kulima ndani ya hifadhi ya reli, na treni iliporudi baadhi yao walikuta kuta zao zimepigwa alama nyekundu ya X. Kampeni ya reli isiyowashirikisha watu hao itazaa maadui wake yenyewe. Yafaa waitwe mapema mkutanoni, waonyeshwe mipaka, na waliopewa viwanja na viongozi wasioijua sheria wasitendewe kama wezi.

Na hesabu yenyewe je? Hiyo yaweza kufanywa na shule zetu za sekondari, na haihitaji chombo zaidi ya daftari, saa na kamba ya kupimia. Wanafunzi wakae kwa zamu kando ya barabara, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, siku ya gulio moja na siku ya kawaida moja, wakiandika mabasi na malori kwa kila saa. Wawaulize abiria watano katika kila ishirini waendako, nauli waliyolipa, na saa ambayo wangependa kusafiri. Wasiulize kama mtu anapenda treni, maana kila mtu hupenda treni anapoulizwa. Hesabu hiyo irudiwe baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mwezi wa mavuno haufanani na mwezi wa njaa. Mwalimu wa Hisabati atawafundisha kutafuta wastani na mtawanyiko, na mwalimu wa Jiografia atawachorea ramani.

Ningependa Muheza ianze, katika msimu wa machungwa, ambapo kila lori liondokalo limejaa na kila rundo lililobaki chini laweza kupimwa kwa kamba.