Konokono wa kununua? Mimi nasema hapana

Wiki hii kijana mmoja anayelima matikiti upande wa Kahama kanitumia ujumbe: "Bwana shamba, kuna jamaa anauza konokono wanaokula konokono wenzao. Ninunue?" Nimemjibu asinunue. Najua mvua zikikolea na wengine mtafuatwa, kwa hiyo nieleze.

Konokono wala nyama wapo kweli, wala si uchawi. Afrika Mashariki ndiyo kwao. Kundi mojawapo linaitwa Gulella, wengi wao ni wa milimita chache tu, wanaishi chini ya majani makavu na kwenye nyufa za mawe ya chokaa, na kazi yao ni kuwinda konokono wengine. Wapo wenye mwili wa njano au mwekundu kabisa. Baadhi wanapatikana kwenye vilima vichache tu vya chokaa. Kilima kikipasuliwa kwa ajili ya saruji, wamekwisha. (Ndiyo, hata ile chokaa tunayomwaga kupunguza tindikali shambani inatoka kwenye miamba ya namna hiyo.)

Sasa sikieni yaliyowapata wenzetu. Yule konokono mkubwa anayemaliza miche asili yake ni pwani yetu hii. Watu walimsafirisha hadi visiwa vya Pasifiki, akawa balaa. Miaka ya 1950 wataalamu wakachukua konokono mla nyama kutoka Kibwezi, Kenya, na mwingine kutoka Florida, Marekani, anayeitwa Euglandina rosea, wakawaachia visiwani. Mwaka 1977 huyo wa Florida akafikishwa kisiwa cha Moorea. Yule mkubwa hakumalizika. Waliomalizika ni Partula, konokono wadogo wa mitini ambao hawakuwa na kosa lolote. Haikupita miaka 10 karibu wote wakawa wametoweka porini kisiwani pale. Na walioamua mambo hayo walikuwa wasomi, siyo sisi wa diploma.

Kwa hiyo jamaa mwenye ndoo ya konokono anauza kitu ambacho hata yeye hawezi kukirudisha kwenye ndoo.

Na sumu ya punje je? Inaua, lakini haichagui. Kuna mkulima nilimshauri aitumie, sikusisitiza kufungia kuku, akapoteza watatu. Lile kosa ni langu. Tangu siku ile naanza na mkono: toka na tochi saa mbili usiku baada ya mvua, vaa glovu, okota. Mwagilia asubuhi badala ya jioni, kitalu kisilale na unyevu. Ukiwa na bata, wapitishe kabla hujapandikiza, maana wakikuta miche nayo wataila.

Lile rundo la mawe pembeni ya shamba usilichome moto wala kulipulizia dawa. Akina Gulella hupenda kujificha sehemu kama zile, na hawakudai hata shilingi.

Kama huyo muuzaji amefika kwako tayari, nitumie picha ya alichonacho kabla hujalipa.